Besi ya Ossufo na Kiroba cha Sembe

Quionga, 25 Aprili 2025

Dada yangu Atija,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima wa afya, wewe na shemeji Suleimane. Sisi huku hatujambo. Mwanetu Nazira ameota jino la nne na anatutafuna sote. Simu usinilaumu, antena imelala tangu kimbunga, na mimi siendi hadi Palma kwa ajili ya kusema haloo.

Sasa sikiliza. Besi yangu, gitaa la nyuzi nne, imepata mwili! Ile mbao ya chanfuta iliyobaki nilipotengeneza mlango wa watu nimeichonga, nimeipiga msasa mpaka inateleza. Shingo ni ya mti huohuo, na juu yake nimegandisha ubao wa mpingo, mweusi tii. Unajua, tangu ile yangu ya zamani ilipobaki Palma siku tuliyokimbia mashambulizi, vidole hivi havijatulia. Vinapiga meza, vinapiga paja, vinapiga mgongo wa mke wangu. Zubaida anasema amechoka kuwa ngoma.

Kimebaki kitu kimoja nisichokiweza: captador. Ni kidude chenye sumaku nne, na waya mwembamba kuliko unywele umezungushwa pale mara elfu nane. Hicho ndicho kinachosikia uzi na kupeleka sauti kwenye spika. Bila hicho nimechonga kasia tu.

Wewe na shemeji mnasuka mota za feni na pampu kutwa kucha. Nisukie, dada. Zubaida anakuja Mtwara wiki mbili hizi kununua bidhaa za genge lake, atakibeba.

Mdogo wako,
Ossufo


Mtwara, 9 Mei 2025

Mdogo wangu Ossufo,

Wa aleikum salaam. Sisi wazima, ila mgongo wa shemeji yako umerudia mchezo wake, na bado anapanda ngazi za watu kufunga feni. Mwambie wewe, mimi hanisikii.

Kidude chako hicho, na Mungu akusamehe kwa macho yangu. Waya nimeutoa kwenye mashine mbovu tatu. Nimekuongezea na kipaza kidogo chenye betri ya mraba ya volti tisa, ili sauti isitoke kama ya mgonjwa. Vyote nimevifunga kwa utepe mweusi, pamoja.

Unakumbuka masikio ya kukazia nyuzi yalivyoshikwa njiani siku mbili, kila mtu anayageuza na kuuliza ni ya nini? Safari hii nimekuwa mjanja. Nimevifukia katikati ya kiroba cha sembe, kile chenye uzi wa kijani, nikashona upya. Zubaida sijamwambia. Wifi yangu namjua, moyo wake uko usoni; angeulizwa tu angeanza kutoka jasho. Kiroba usifungue mbele ya mtu, hata jirani.

Ananiharakisha hapa, gari linaondoka. Mbusu Nazira.

Dada yako,
Atija


Quionga, 13 Mei 2025

Dada,

Salamu leo sina. Wewe sema wewe ni mzima, mimi siulizi.

Zubaida ameshikwa. Ni tangu Jumamosi, kwenye kizuizi kipya cha askari, barabara ya kuja huku kutoka mpakani Namoto. Walimuuliza kuna nini kwenye viroba, akasema sembe. Wakamuuliza tena, akaapa kwa Mungu ni sembe tupu. Askari akachoma kiroba kwa chuma, chuma kikagonga. Wakatoa furushi jeusi, nyaya zimetokeza, betri pembeni. Dada, hebu jiweke mahali pao! Hapa petu, baada ya yote tuliyoyaona, wewe ungedhani ni nini?

Barua yako nimesomewa na kapiteni, Hélder anaitwa, mtu wa kusini. Benilde, karani wa administração, ofisi ya serikali hapa, ndiye aliyemtafsiria. Alipofika pale uliposema kiroba nisifungue mbele ya mtu, Benilde mwenyewe aliinua macho, akanitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Nimemweleza kapiteni besi ni nini, nimeonyesha kwa mikono, nimeimba na kuimba kama chizi mbele ya bunduki. Amesema hivi: "Lete hiyo besi Jumatatu. Kidude nitakupa hapahapa. Ukikifunga kikatoa sauti, chukua mke wako. Kisipotoa, jioni hiyo anakwenda Pemba, makao makuu ya mkoa, na kesi yake."

Pemba, dada. Waliopelekwa Pemba tunawajua, na waliorudi tunawajua pia, ni wachache.

Kwa hiyo natengeneza. Vyuma vya shingoni nimevigonga leo, vidole vimechubuka. Nyuzi nazifunga kesho. Nazira hataki uji wangu, anautema, anatazama mlango. Zubaida niliruhusiwa kumwona dakika mbili. Hakulia. Aliniuliza, "Ossufo, umenioa mimi au umeoa ubao?"

Nimekukasirikia sana, lakini jambo moja halinipi shaka: kazi yako. Ulichosuka wewe kitalia. Nimeegemea hapo tu.

Ossufo


Mtwara, 15 Mei 2025

Ossufo, mdogo wangu wa tumbo moja,

Barua yako imefika leo asubuhi na hii naiandika nimesimama. Anaileta Saquina, muuza vitenge, ameniapia itakuwa mkononi mwako kabla ya Jumapili. Isome mpaka mwisho, ndipo unitukane.

Usiegemee hapo.

Nilipofika kama mizunguko elfu sita, waya ulikatika. Mwembamba mno, na mimi nilikuwa naharakisha. Nikaunganisha kwa kuusokota tu, nikapaka rangi ya kucha juu, nikaendelea. Waya wa namna ile una ngozi ya vanishi. Usipokwangua kwanza, umeme haupiti. Sikumbuki kama nilikwangua. Kipimo alikuwa nacho shemeji yako kazini, kwa hiyo sikupima. Nilijiambia, aa, kitalia tu, na kama hakikulia Ossufo atarudisha. Nikakufungia, nikakuandikia barua ya kujisifu.

Mimi ndiye ninayewafokea vijana wa watu hapa: mota haitoki dukani bila kupimwa! Aibu yangu nimeivua mbele yako, ufanye nayo utakavyo. Ningeweza kunyamaza. Kingelia, usingejua kamwe. Lakini kisipolia mbele ya wale watu, na mimi nilijua, nitamtazama nani tena?

Ukikifunga kama kilivyo, sijui. Wallahi sijui. Kiungo kiko karibu na juu, kuna doa jekundu la rangi ya kucha. Zaidi ya hapo hakuna kitu, Ossufo. Ni waya na sumaku nne na vibao viwili vya plaiwudi. Hakuna kingine ndani, mtu yeyote akikifungua ataona hivyo.

Namswalia Mtume tangu asubuhi.

Dada yako,
Atija


Quionga, 22 Mei 2025

Dada Atija,

Asalaam aleikum. Zubaida yuko nyumbani. Nimeanza na hilo, sasa kaa chini unywe maji.

Barua yako ilifika Jumapili mchana. Nilikutukana, usiulize kwa maneno gani, nimeshatubu. Kisha nikaisoma tena pale mwisho, na hapo ndipo nilipopata akili.

Jumatatu nilikwenda na besi begani. Imekamilika, nyuzi nne zimekazwa, spika yao iko tayari mezani. Kapiteni akanisogezea lile furushi. Nikamwambia: kapiteni, hiki sikifungi. Aliyekitengeneza ameniandikia kuwa huenda ni kibovu. Kikinyamaza utasema nimekudanganya. Badala yake niruhusu nikifumue mbele yako, mzunguko kwa mzunguko, mpaka ndani kabisa, uone mwenyewe kilichomo.

Akafikiri. Akaniambia, "Kifumue, lakini si hapa." Wakaniweka peke yangu katikati ya uwanja, juani, wao wakajipanga nyuma ya magunia ya mchanga. Zubaida wakamsimamisha upande wao. Nilimwona anashika kichwa.

Dada, mimi nilijua ni waya. Nilijua! Lakini mtu akitazamwa na bunduki sita, hata mwiko wa ugali utamtia shaka. Kwanza nikang'oa betri, nikailamba, ikanichoma ulimi, nikawaonyesha ulimi wangu. Halafu nikaanza kuvuta. Upepo unauchukua waya, unanizingia miguuni, jasho linaingia machoni, na mizunguko haiishi. Nilipofika kwenye doa lako jekundu, kiungo kiliachia chenyewe, bila kuvutwa. Hukukwangua. Kingenyamaza kimya, na saa hizi mke wangu angekuwa Pemba.

Ilipita adhuhuri ndipo nilipofika mwisho. Kapiteni akaja mwenyewe, polepole. Akaokota sumaku moja, ikaruka ikagandia chuma cha mkanda wake. Akaibandua, ikaganda tena. Akacheka, basi na wengine wakacheka, wakamwachia Zubaida, na mimi nikakaa chini palepale.

Kwa hiyo besi ninayo, nzuri ajabu, na ni bubu. Waya umebaki fundo la vumbi uwanjani kule.

Zubaida amelala siku mbili, ameamka, na amenipa maneno nikufikishie kama yalivyo. Nayaandika yeye amesimama hapa anakagua: "Mwambie wifi yangu, waya kukatika si kitu. Aliniapisha uongo kwa jina la Mungu, nami sijui. Miaka minne hajavuka kuja kwao, kila mzigo wake unabebwa na mgongo wangu. Akisuka kingine, akilete mwenyewe, mkononi, waziwazi. Kabla ya hapo sina la kuzungumza naye."

Nilitaka kulainisha maneno, amenikataza.

Mdogo wako,
Ossufo


Kwenye kizuizi cha askari, njia ya Quionga, 4 Juni 2025

Ossufo,

Hujambo? Mimi siwezi kusema sijambo; tangu Namoto kila kona ya barabara ile inanikumbusha siku tuliyokimbia.

Kapiteni wenu nimekutana naye. Kabla hajauliza nilikiweka mezani kidude kipya, bila utepe, bila mfuko. Nikatoa na kipimo cha shemeji yako, nikapima mbele yake, mshale ukapanda. Nimekwangua waya safari hii, hata Benilde nimemwonyesha. Nikasema tena mbele ya wote kwamba kile cha kwanza nilikificha mimi, na Zubaida hakujua lolote. Benilde amelitafsiri lote.

Kapiteni amekitazama sana. Hajanirudishia, wala hajasema hapana. Anasema mara ile alisubiri besi na hakuisikia, na leo hatoki mtu hapa mpaka ile besi ya nyuzi nne ilie. Barua hii anakuletea askari wa pikipiki.

Njoo nayo. Na Zubaida aje, kama atakubali. Mama mpishi wao, Olinda, amenionyesha mkeka aliolalia Zubaida siku zote zile. Mwambie nimeukalia.

Dada yako,
Atija