Kikombe cha Shangazi

Shoga uko wapi? Nimejifungia chooni kwa shangazi.

Unakumbuka ile picha niliyoweka status? Ya maabara, nikajigamba kwamba dawa tuliyokamua kwenye majani ya mti wa uani kwake imeua seli zote za saratani ya matiti?

Shangazi aliiona!!

Leo naingia jikoni nakuta sufuria ya majani yaleyale inatokota. Nikamuuliza, na dripu zako za saratani za hospitali je? Akacheka. "Nimeziacha, mwanangu. Si wewe ulisema zimekufa zote?"

Si wewe ulisema. Si wewe ulisema!

Shoga, zile zilikuwa seli kwenye kisahani. Na kwenye kisahani cha pili, cha seli zisizo na ugonjwa wowote, nako zilikufa zote. Hicho sikukipiga picha. Nani anaanika aibu yake?

Nikaanza kumweleza, nikababaika. Yeye huyo ananimiminia kikombe. "Kunywa na wewe, ni kazi ya mikono yako."

Nikakishika. Nikakifikisha mdomoni. Nikashindwa, nikakirudisha mezani.

Alinitazama tu, akakiweka na chake mezani, hakukigusa tena. Ndipo nikakimbilia huku.

Sasa hivi kagonga mlango. Nilidhani atanifokea. Anasema, "Toka basi unisindikize hospitali. Na hiyo picha, wako wangapi wengine walioiona?"