Utepe wa Njano

Alhamisi, 14 Agosti 1986

Nimeapa kuandika yote, hata ya aibu. Keshokutwa ni maonyesho ya farasi ya bonde letu. Farasi nitakayempeleka, Deri, si wangu. Ni wa Bi Mererid, aliyehamia kwa dada yake mjini Aberystwyth akaniachia nimtunze. Barua yake iko wazi: Deri akipata utepe, wa kwanza hadi wa tatu, anabaki kwangu mwaka mwingine. Akikosa, atauzwa.

Nimesoma ratiba mara nne. Kundi la 12: farasi wadogo wa kienyeji, wanaongozwa kwa kamba, mwamuzi anatazama umbo na mwendo. Kundi la 15: watoto waongozaji — mwamuzi anamtazama mtoto, farasi si hoja! Kundi la kuruka si letu. Deri huruka akiona mwavuli tu.

Tumejiandikisha katika yote mawili. La 12 ndilo letu hasa.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemsuka Deri singa za shingo. Vifundo kumi na tisa! Sasa ni kama bwana harusi.

Jumamosi, 16 Agosti

Vidole vinauma.

Jirani yetu, Mzee Emrys, alikuwa langoni mwa uwanja. Alicheka mpaka akashika uzio. "Binti, huyu umemvalisha suti? Wa kienyeji huingia na nywele alizozaliwa nazo!"

Kumbe kusuka ni kwa makundi mengine. Ratiba haisemi — kila mtu hapa anajua. Nyumbani kwetu ni kondoo tu, ningejuaje?

Tukafumua pamoja, ndoo ya maji na kitana. Lango likafungwa vimebaki vifundo sita. Kundi la 12 likatupita.

Sikulia, ila nusura.

Halafu wakaita la 15. Nikaingia na Deri, amelowa, singa zimejikunja kama sufu. Nikampanga miguu, nikakimbia naye, nikamjibu mwamuzi umri wa Deri na anachokula. Wa tatu! Utepe wa njano! Baba akaninunulia chipsi, na kwa saa nzima nilisahau kila kitu.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya ibada Baba alisema utepe ni utepe, nimwandikie Bi Mererid kwamba tumekuwa wa tatu, basi. "Nani atauliza kundi gani, mwanangu?" Mama alikoroga chai yake muda mrefu.

Nimeandika kurasa mbili, vifundo na vyote. Stempu nimebandika. Mstari wa mwisho nimeunakili hapa:

"Bi Mererid, tafadhali nijibu kwa posta ya kwanza: utepe huu nimepewa mimi, si Deri — je, utamhesabia?"