Chumba Kimoja na Mama Mkwe

Jumapili, 7 Julai 1957. Ndani ya meli

Mimi mbele, mama mkwe nyuma, kikapu katikati. Ndivyo tunavyosafiri tangu tulipopanda meli Baraka. Akitaka kitu anakiambia kikapu, kwa sauti, nami nasikia. Nikitaka kujibu nakijibu kikapu. Abiria wa Swima, wenye mila kama yetu, hawashangai, nao wana wakwe. Watu wa kusini wanacheka. Wacheke.

Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hamwoni akila. Halali naye chini ya dari moja. Nimekaa na binti yake miaka sita na bado sijui uso wa mama huyu ukoje. Sasa macho yake yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Daktari wa macho yuko Albertville mwezi huu tu. Mimi nimeitwa hukohuko kwenye mkutano wa walimu, nikiwa na ruhusa ya kuja na mke. Lakini Apendeki, mke wangu, ana kichanga. Akasema, mpeleke mama mahali pangu. Ningekataaje?

Jumatatu, 8 Julai

Tumefika. Mji wa vilima, nyumba zinachungulia juu ya nyumba. Hoteli tuliyopangiwa walimu iko juu kabisa, nyeupe, kuukuu, nzuri kuliko kanisa. Ngazi za mawe tangu barabarani. Kupanda ilikuwa shida: nilitangulia nikishika ncha moja ya fimbo, yeye akashika nyingine.

Mawe haya marehemu baba mkwe aliyabeba kutoka ziwani alipokuwa kijana. Nyumba ilipokwisha akakatazwa hata kukanyaga ngazi. Lakini waashi walimwambia kwamba ukisimama kwenye baraza ya juu unaona ng'ambo, milima ya Tanganyika. Alimsimulia mkewe habari hiyo mpaka akafa. Mama mkwe anataka kuona kama ni kweli. Hilo tu. Hakuniambia yeye, ameniambia Apendeki.

Sasa balaa. Tumepewa chumba kimoja, kitanda kimoja. Wametuhesabu bwana na mke! Nilimweleza yule madamu wa mapokezi kwa Kifaransa changu chote kwamba huyu ni mama wa mke wangu. Akasema vizuri, basi ni familia. Vyumba vingine vimejaa. Alicheka, si kwa ubaya. Hajui.

Nitalala barazani.

Jumanne, 9 Julai

Upepo wa ziwa umenitafuna. Sina hamu ya kuandika. Mkutano mrefu. Ng'ambo hakuonekani, kiangazi kimejaa ukungu na moshi wa mashamba.

Jumatano, 10 Julai

Daktari amempasua jicho la kulia. Hospitali yetu sisi weusi imejaa, wagonjwa wako chini. Daktari mwenyewe analala hotelini hapa, akaamua mama alale chumbani, naye atakuwa akipita asubuhi. Mama amefungwa kitambaa macho yote. Asigeuze kichwa. Asiinuke. Alishwe kwa kijiko.

Alishwe na nani?

Nimemwendea Wilondja, mhudumu wa mezani, mtu wa Swima. Alielewa kabla sijamaliza. Mke wake atakuja kumlisha na kumsafisha. Mungu ambariki.

Ijumaa, 12 Julai

Nimehama baraza. Sasa nalala katika chumba cha kuogea, ndani ya lile beseni refu kama mtumbwi. Nafunga mlango. Mlango ni ukuta, na ukuta ni nyumba nyingine. Hivyo nimejihukumia mwenyewe na kesi nimeshinda. Bomba linanichoma mgongoni kila nikigeuka. Nalala na shati, kuna baridi.

Walimu wenzangu wanasifu magodoro. Mimi nasifu mlango.

Jumamosi, 13 Julai

Chakula cha jioni chini, kwenye ukumbi mkubwa. Mara yangu ya kwanza. Shati lilelile jeupe, tai, viatu vimeng'aa. Nilipopita kati ya meza Wazungu walinyamaza, kisha nyuma yangu watu wakacheka chinichini. Nikahisi moto shingoni. Nilitaka kurudi. Wilondja akanivutia kiti, akasema polepole, "Ikala, muwalimu. Miye njo nitatetemeka kuliko weye, nikikuletea sahani."

Nikakaa. Nikala mpaka mwisho, polepole, kichwa juu. Nyama sikuisikia ladha. Nimewachukia wote mle ndani, isipokuwa Wilondja.

Jumapili, 14 Julai

Mke wa Wilondja hakuja. Mtoto wao ana homa. Nimetafuta mwanamke mwingine, hata mama anayefua nguo za hoteli hayupo, wote wako kanisani. Mama mkwe hajala tangu jana. Nilisikia tumbo lake nikiwa nyuma ya mlango.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilichukua bakuli. Bugali laini na mchuzi wa samaki. Nikakaa kando ya kitanda, nikageuza uso ukutani, nikampa kijiko kwa kupapasa. Cha kwanza kilimgusa shavu. Cha pili kilifika. Nikajifanya mimi ni mke wa Wilondja. Nilikohoa kike. Masikio yaliniwaka kwa haya. Marehemu baba yangu angeniona angelia.

Alikula chote. Kisha akasema, "Asante, mama. Leo mukono yako iko na harufu ya chaki."

Nilitoka na bakuli. Barazani nikacheka, halafu nikalia kidogo. Anajua. Na ameniita mama, ili niweze kurudi na chakula cha jioni.

Nilirudi.

Jumanne, 16 Julai

Kesho kitambaa kinafunguliwa. Mke wa Wilondja amerudi, mtoto hajambo. Nashukuru, na naona wivu kidogo. Mambo gani haya?

Ukungu uleule. Nimesimama barazani asubuhi, mchana, jioni. Hakuna ng'ambo. Maji, kisha weupe. Naogopa vitu viwili. Jicho likigoma, nitamwambia nini Apendeki? Jicho likikubali na milima isionekane, atafikiri mumewe alimdanganya miaka yote ile. La pili linaniuma zaidi.

Jumatano, 17 Julai

Usiku upepo ulivuma kwa nguvu, milango yote ya hoteli ikagonga. Asubuhi daktari akaagiza mama atolewe nje, barazani, kwenye mwanga mdogo, kabla jua halijapanda. Mke wa Wilondja akamshika mkono huu, daktari ule. Mimi nilikuwa hukohuko mbele, kwenye ukingo. Pa kupita hapakuwapo. Nikageuka, nikawapa mgongo.

Nikasikia mkasi. Nikasikia daktari akimvalisha miwani, mizito kama vitako vya chupa. Akauliza kwa Kiswahili chake kibovu, mama anaona nini. Nilikamata ukingo kwa mikono miwili. Nikaomba.

"Naona mugongo ya mukwe wangu," akasema. "Kikapu, umuambie asogee kidogo. Iko ananifungia ziwa."

Kikapu kilikuwa chumbani. Nikasogea.

Ndipo nikatazama mwenyewe, maana hofu ilikuwa imenifumba macho. Upepo ulikuwa umefagia kila kitu. Milima ya ng'ambo ilikuwa pale, ya buluu, mirefu, na mikunjo yake yote.

Kisha nikamsikia akisema chini, si kwangu, si kwa kikapu, "Iko. Bwana yangu hakunidanganya."

Daktari akaniuliza kwa nini nalia huku nimempa mgonjwa mgongo.

Ijumaa, 19 Julai. Ndani ya meli

Mimi mbele, mama mkwe nyuma, kikapu katikati. Sasa anatazama kila kitu na kukiambia kikapu: mitumbwi, moshi, mbuzi ufukweni. Nasikiliza. Miwani haivui hata akisinzia, kasema mama mmoja aliyekaa karibu naye.

Baada ya mchana mama mkwe akaita tena. "Kikapu. Umuambie mukwe shati yake imepasuka pa mugongo. Apendeki ataishona."

Nikapeleka mkono nyuma. Ni kweli. Tundu la vidole viwili, kazi ya lile bomba. Basi nilipita nalo kati ya meza zote zile za ukumbini, nao wakalicheka. Wilondja aliliona, akanivutia kiti.

Nimekijibu kikapu kwamba nimesikia, asante. Sikugeuka. Nimekaa nikimwachia mgongo autazame. Jua liko upande wa kushoto na Baraka bado ni mbali.