Ile ya Kijani, Baba

Kensington, Julai 2017

Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Siku ya tisa baada ya kukuzika, ulijibu ujumbe wa simu. Ulimwandikia Ntate Tseliso, yule mzee mteja wako, mfugaji wa kondoo wa kule milimani Lesotho: "Salama, ndugu yangu. Bado nazipima. Nipe siku chache." Aliyeandika ni mimi.

Simu yako ilikuwa kwenye chaji juu ya friji, pale pale ulipoiacha. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuizima. Ikalia. Alikuwa anauliza ni ipi kati ya zile pikipiki mbili za magurudumu manne umemchagulia, maana theluji imeshaonekana vileleni, na mwaka jana kondoo wake walikufa njaa zizini kwa kuwa hakuweza kuwafikishia majani. Nilitakiwa niandike maneno mawili tu: Baba amefariki. Vidole vikagoma. Nikaandika kama wewe. Ilibidi niharibu Kiingereza changu cha shule ili kifanane na chako. Najua ungecheka.

Sasa hilo umelijua. La pili ni gumu zaidi. Ulikosea, Baba.

Unakumbuka ile siku ya barafu? Watu wa Tanga sisi, hata baada ya kuhamia huku jirani na Lesotho, hakuna aliyewahi kukanyaga theluji, halafu ndio tunamchagulia mtu anayeishi ndani yake! Ukaenda kwa muuza samaki, ukarudi na mifuko sita ya barafu, ukaiponda kwa nyundo na kuimwaga kwenye mteremko wa zege wa kuingilia gereji. Baba Mdogo akashika kiuno: "Kaka, unafungua duka la juisi?" Ile pikipiki nyekundu ikapanda kama imefukuzwa. Ile ya kijani, na ubavu wake uliochubuka na kiti kilichoshonwa kwa uzi mweusi, ikapanda pole pole kama mtu mwenye magoti mabovu. Baba Mdogo akaiita bibi harusi wa ndoa ya nne, na wewe ukacheka mpaka ukakohoa. Kisha ukasema, "Basi, nyekundu. Nyepesi, haitazama." Ulikuwa unafikiria mchanga wa pwani.

Wiki ile ile moyo wako ukasimama, kabla hujamwambia Ntate.

Nilipoanza kumjibu kwa jina lako, nikaona angalau nimuulize vizuri. Nikamuuliza theluji yake inamfika kondoo wapi. Akajibu: tumboni, na upande wa kusini wa mlima inaweza kukaa wiki nzima. Juu ganda, chini laini. Akasema yeye hana haja ya kukimbia. Anasafirisha majani ya kondoo mlimani, na kinachomtisha ni kushuka na mzigo.

Tumboni, Baba. Sisi tulimwaga barafu ya kufunika kidole cha mguu. Tairi za nyekundu ziliikata zikagusa zege, ndiyo maana ilipanda.

Jumamosi moja Baba Mdogo alipokwenda mjini kutafuta vipuri, niliomba vumbi la mbao kwa seremala wa jirani, magunia kumi na nne, nikalimwaga mpaka likanifika magotini. Si theluji, najua. Lakini lina kina. Nyekundu inasukuma kwa magurudumu ya nyuma tu. Nilipoongeza moto ilijichimbia yenyewe mpaka tumbo likakaa chini, na mimi nikafunikwa vumbi hadi kope. Niliifukua kwa koleo karibu saa nzima. Kijani nikaiweka magurudumu yote manne, gia ya nguvu, nikafungia zigo nyuma. Ikaingia. Ikanguruma kidogo, ikatoka upande wa pili. Niliiingiza tena, na tena, kwa sababu sikuamini.

Halafu nikafanya kipimo chako cha glavu. Ulisema, "Mikono ya mtu wa baridi haina vidole, Mwana." Kila asubuhi kabla ya shule, bustani nyeupe kwa umande ulioganda, nilivaa glavu zako za kuchomelea nikawasha pikipiki zote mbili. Kwenye nyekundu kuna kitufe cha kuvuta wakati wa baridi, kidogo kama punje ya hindi. Kwa glavu sikuwahi kukipata. Tena ina kabureta, na kule juu kwa Ntate hewa ni nyepesi, itakuwa inakohoa mafuta siku nzima. Kijani inajipimia mafuta yenyewe. Iliwaka kila siku. Na ukiachia moto kwenye mteremko, injini inaishika, haikimbii na mzigo.

Nyumbani ndivyo ulivyotuacha, ila kimya zaidi. Mama yuko edani, hatoki, anasali na kukunja nguo zako zilizokwisha kukunjwa. Gereji anaiendesha Baba Mdogo. Si mtu mbaya. Anakulilia akiwa chini ya magari, nimemsikia.

Lakini kesho ndiyo siku mliyopanga, Ntate anakuja na bakki, pikapu yake, kuchukua pikipiki, na Baba Mdogo ameisugua nyekundu mpaka unaona uso wako humo. Jana alisimama nje ya pazia la Mama akasema, "Marehemu alisema nyekundu, shemeji. Neno la marehemu sitalipindua." Mama akasema, "Sawa." Nikafungua mdomo. Baba Mdogo akanigeukia: "Wewe darasani hata mkono hunyanyui. Utamwambia nini mzee wa watu?"

Eish, Baba. Iliniuma kwa sababu ni kweli.

Ningeweza kulimaliza kirahisi. Simu ninayo. Ningeandika kama wewe mara moja tu zaidi, "Chukua kijani, ndugu yangu," na nani angebishana na marehemu? Nimekataa. Baba Mdogo anasema kwa mdomo wako, mimi nimesema kwa vidole vyako, na mlimani kuna wanyama watakaokufa tukiendelea hivi. Wewe hupandi tena mteremko wowote. Kosa hili nikilinyamazia litakuwa langu.

Basi leo baada ya alasiri nilimrekodia Ntate ujumbe wa sauti. Sauti yangu mimi. Wa kwanza niliufuta, wa pili nililia. Wa tatu nikamwambia: Ntate, naitwa Mwanaidi, nina miaka kumi na sita. Baba yangu amefariki, na wiki hizi zote aliyekuwa anakujibu ni mimi, nisamehe. Yeye alichagua nyekundu. Mimi nimezipima zote mbili na nasema kijani. Usiniamini kwa jina lake. Njoo uvae glavu, uwashe mwenyewe.

Ameusikiliza. Hajajibu.

Sasa hivi simu ya Baba Mdogo imelia sebuleni. Nimemsikia akisema, "Yes, Ntate," kwa furaha, kisha sauti ikashuka, kisha, "Nani? Binti yetu?" Halafu kiti kimesogezwa.

Barua zote nilizokuandikia tangu ulipotuacha ziko chini ya godoro. Hatua zikikaribia mlango nilikuwa naziingiza hata wino haujakauka. Hii inabaki mezani. Aione. Aisome pia, na lile la yeye kulia chini ya magari nalo asome.

Pumzika, Baba. Nakuahidi kesho nitakuwa getini kabla ya bakki kufika, glavu zako mkononi, na kijani itakuwa ya kwanza kwenye mteremko. Ntate akichukua nyekundu, ataichukua baada ya kunisikia.

Ndara zake ziko mlangoni. Amegonga.

Nimesema, "Pita, Baba Mdogo."

Mwanao,
Mwanaidi