Betri Kutoka Sikioni mwa Mama

Jumapili, katikati ya Februari. Jua limewaka hapa Buruburu tangu asubuhi, hadi nguo nilizoanika zilikuwa zimekauka kabla sijatoka kanisani. Kesho nampeleka Mama hospitalini, na Jumanne madaktari watamfungua kifua warekebishe vali ya moyo. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu na kuifuta mara mbili.

Leo sitaki kuandika habari za hospitali. Nataka kuandika habari za betri.

Mama ana miaka sabini na nne, na sharti alilonipa kuhusu upasuaji huu lilikuwa moja tu: kabla hajaingia, apigwe picha ya jeneza. Mnaijua. Ile picha kubwa ya fremu inayotangulia mbele ya maiti, ndiyo hiyo hiyo inachapwa kwenye kijitabu cha ibada. Mama amezika marafiki wengi wa chama cha akina mama kanisani, na akirudi kutoka mazishini hasemi mahubiri yalikuwa marefu wala wali haukuiva. Analalamikia picha. Ati watoto wakishafiwa wanakimbilia kitambulisho, wanaikuza ile picha ndogo hadi uso wa marehemu unafura kama andazi. Yeye hataki kuwaaga watu akiwa na sura ya mtu aliyekamatwa.

Nilimkasirikia, sitaficha. Nikamwambia tunaenda kutafuta uzima, si kupanga mazishi. Akaniambia picha haijawahi kuua mtu.

Tena si picha ya simu. Alitaka kamera ya Baba, na mwanga upimwe na kile kipima mwanga cha Baba. Marehemu Baba alikuwa karani wa reli, na wikendi alipiga picha nusu ya watu wa Makongeni: harusi, ubatizo, vijana na redio zao mpya. Mama alikuwa nyuma yake akimbebea mkoba. Amepigwa pembeni pembeni tu, nusu bega, kiwiko, mkono ulioshika sahani. Ya kwake peke yake, iliyotulia, hakuna. Nilizipekua albamu zote nikitafuta ya kumwonyesha kwamba amekosea. Hakuwa amekosea.

Basi kamera ilikuwa nzima. Kipima mwanga kilikuwa kimekufa.

Ni kidude cha ukubwa wa kibiriti, kina sindano ndogo chini ya kioo na duara la namba. Unakielekeza kwenye uso wa mtu, sindano inapanda, unasoma namba, unaipanga kamera yako. Ndani yake kulikuwa na betri ya kifungo iliyoota kutu ya kijani. Nikaikwangua hadi ikatoka, nikasafisha pale mahali kwa siki na pamba, nikaenda supamaketi nikapata betri mpya inayoingia pale kama imezaliwa humo. Sindano ikaruka. Nilipiga kelele jikoni peke yangu. Nikampiga Mama picha sita dirishani, amevaa kitambaa chake cheupe cha kanisa, nikapeleka filamu kwa bwana mmoja wa mjini ambaye bado anaosha picha za filamu.

Zilirudi giza tupu. Kitambaa kinaonekana, uso hauonekani. Mama alizishika karibu na dirisha, akazigeuza, akaniuliza kwa upole kabisa huyu ni nani amefunikwa blanketi.

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu shuleni.

Aliyeniokoa ni Kamene. Kamene anatengeneza saa kwenye kibanda kidogo karibu na maduka, ni mwanamke wa rika langu, na ana mikono iliyotulia kuliko ya mtu yeyote ninayemjua. Nilimpelekea kipima mwanga Alhamisi nikidhani atakifungua mara moja. Hakukifungua. Aliniuliza kwanza kilikuwa kinakula betri gani zamani. Nikamwonyesha ile yenye kutu, nilikuwa nimeihifadhi kwenye karatasi. Akasoma maandishi yake kwa kioo cha jichoni, kisha akaipima ile yangu mpya kwa mita yake, akacheka kidogo.

Alinieleza polepole. Zile betri za zamani zilikuwa na zebaki, na zebaki ni sumu, ndiyo maana zimeachwa kutengenezwa. Lakini zilikuwa na tabia moja nzuri: nguvu yake ni ile ile kutoka siku ya kwanza hadi siku inapokufa. Fundi aliyetengeneza kipima mwanga aliitegemea nguvu hiyo. Hii mpya ina nguvu zaidi, kwa hiyo sindano inapanda kupita kiasi, inaniambia kuna mwanga mwingi, nami nabana tundu la mwanga la kamera, na picha inatoka giza. Kifaa hakikuwa kimeharibika. Kilikuwa kinasema kweli kwa kadiri ya chakula nilichokipa.

Nikamwomba basi anipe hesabu ya kupunguza, kwamba kila mara nitoe kiasi fulani. Mtu mwingine angenipa tu nimwondokee. Kamene alikataa. Alisema hiyo betri inashuka nguvu kila siku, kwa hiyo leo itakudanganya hivi, wiki ijayo itakudanganya vingine, na yeye hatoi kazi ya namna hiyo. Wah! Nimefanya kazi ofisini miaka kumi na minane na sijui kama nimewahi kukataa jambo kwa unyoofu kama huo.

Akaishika ile betri yenye kutu kwa koleo lake, akaigeuzageuza. Halafu akauliza swali ambalo nilidhani ni la kubadilisha mazungumzo.

"Kwenu kuna mtu anavaa kifaa cha kusikia?"

Nikasema Mama. Sikio la kushoto.

Kumbe! Betri ya kifaa cha kusikia, ile kubwa kubwa kidogo, nguvu yake inakaribiana sana na ile ya zebaki, na haiyumbi. Inapumua hewa. Ina vitundu vidogo vilivyofunikwa kwa stika, ukibandua stika hewa inaingia, betri inaamka. Tatizo ni kwamba ni ndogo kuliko ile ya zamani, inachezacheza pale ndani. Kamene akatafuta kwenye mkebe wake raba ya mfereji, ile ya duara ya kuzuia maji kuvuja, akaichonga kwa wembe hadi ikawa pete, akaijaribu, akachonga tena. Nilisimama pale nikimtazama kama mtoto kwenye duka la pipi. Aliponipa aliniambia neno moja: usiizibe, iache ipumue.

Na mimi nikafanya nini? Aki wacha niseme.

Jana nilichukua betri mbili za mwisho za akiba za Mama kwenye droo, bila kumwomba. Nikaweka moja kwenye pete ya Kamene. Sindano ikatulia vizuri kabisa. Lakini nikikitikisa kifaa nilihisi betri inasogea kidogo, unywele tu. Sasa sisi watu wa huku kuna dawa moja tunaiamini kuliko zote, kiatu kikibanduka, rimoti ikipasuka, kikombe kikivunjika mkono. Supa gluu. Nikadondosha matone mawili. Baada ya muda mfupi sindano ikalala. Nikadhani betri hiyo ilikuwa mbovu, nikaweka ya pili, nayo nikaipaka gluu, tena nikaongeza tone.

Nimesoma hadi chuo kikuu mimi.

Leo baada ya ibada nikampigia Kamene simu. Aliposikia neno gluu aliniuliza nimepaka wapi. Kisha akasema nimeziziba pua. Pete bado nzima, akasema, ikwangue taratibu, tafuta betri nyingine. Nikamwambia zimekwisha, zinauzwa mjini, na leo ni Jumapili, na kesho saa moja tunaondoka. Nilikuwa karibu kulia. Nilidhani Mama amelala.

Alikuwa amesimama mlangoni. Hakuuliza nani alichukua betri zake. Alinyanyua mkono sikioni, akatoa kifaa chake, akafungua kale kamlango kwa ukucha, akanidondoshea betri kiganjani. Ilikuwa bado na joto la mwili wake.

Nikamwambia hapana, hospitalini utasikiaje. Hakunisikia, bila shaka. Aliniambia, kwa ile sauti kubwa anayoongea nayo akiwa hana kifaa, kwamba nitamrudishia tukimaliza, kwani nitaila?

Niliikwangua ile pete nusu saa kwa sindano ya kushonea. Nikaweka betri. Nikatoka nje mlangoni kwanza, kwenye jua la saa nane, kwa sababu Baba alinifundisha kwamba mchana mweupe usio na wingu, kwa filamu na kasi aliyozoea, namba ni kumi na sita. Nikaelekeza kifaa. Sindano ikapanda bila haraka, ikasimama. Nikasoma kwenye duara.

Kumi na sita.

Sijui nielezeje. Mtu aliyetengeneza kifaa hiki alitegemea betri ambayo haipo tena duniani, Kamene akaitafutia nduguye kwenye sikio la mama mmoja wa kanisa, na vitu hivi viwili vikaelewana. Nilimshangaa Kamene. Nilimshangaa pia huyo fundi nisiyemjua. Nilisimama pale nje kama mjinga, majirani wakinipita wakinisalimu.

Ndani, Mama alikuwa ameshakaa dirishani, kitambaa kimenyooka, mikono mapajani. Nikampima usoni, nikapanga kamera. Sikuweza kumwambia inua kidevu, angalia huku, maana hasikii, na kusema kweli alivyokuwa amekaa hakukuwa na cha kurekebisha. Nikapiga moja. Nikapiga ya pili. Alikuwa mzuri, Mungu wangu, Mama yangu ni mzuri, na nilikuwa nampiga picha ya jeneza.

Hapo ndipo nikasema. Kwa kuwa hasikii, nilisema yote, polepole, jicho langu likiwa kwenye kioo cha kamera. Nikasema Mama, naogopa. Nikasema usife, tafadhali, mimi sijajua kuishi kwenye nyumba isiyo na wewe. Katika familia yetu maneno hayo hatuambiani. Tunaulizana kama umekula.

Uso wake ukabadilika. Sijui niseme ukawaje, ulifunguka tu, na midomo pia. Nikabonyeza.

"Kule kiwandani mashine zilikuwa zinanguruma hata ukipiga mayowe husikiki," akasema. "Miaka ishirini na mbili tulisomana midomo, Nafula."

Nilikaa chini sakafuni, na kamera mapajani.

Maisha yangu yote nimejua Mama alifanya kazi ya kufuma vitambaa kule Industrial Area na kwamba masikio yake yaliishia huko. Sikuwahi kumuuliza walikuwa wanaongeaje. Ina maana kila nilichomnung'unikia jikoni nikidhani hasikii, tangu nikiwa msichana, alikuwa anakiona kinapita mdomoni mwangu, na hakuwahi kunirudishia hata kimoja.

Nikatoa betri kwenye kipima mwanga, nikairudisha kwenye kifaa, nikamvalisha mwenyewe nyuma ya sikio. Akanishika mkono kabla sijauondoa. Akaniuliza picha zitaoshwa lini. Nikamwambia nikimpelekea yule bwana kesho, zitakuwa tayari Ijumaa.

"Basi Ijumaa uniletee kitandani nichague," akasema. "Usiwape watu zile nilizofunga mdomo."

Nimeshapanga begi lake. Filamu iko kwenye mkoba wangu, na Ijumaa nina miadi na Mama.