Ndoo ya Baba Salumu

Kasongo, Alhamisi

Miaka mitatu namuambia mume wangu: ng'ombe wasilale karibu na muto, mbung'o wanawauma. "Babu alifuga hapo hapo," ananijibu. Wanne wamekufa.

Leo munganga wa mifugo, muzungu, amesema neno lile lile mara moja tu, mume wangu akaitika, "Ndiyo, Bwana." Nilikasirika hata ugali ukaungua.

Lakini jioni nikamuona anapanda kilima na kanzu yake, ndoo kichwani, anamupelekea maji ng'ombe aliyebaki, mwenye mimba. Wanawake wakacheka. "Baba Salumu, maji ni kazi yetu!"

"Chekeni tu. Huku juu mbung'o haiko."

Alirudi mabega yamelowa, ndoo nusu imemwagika njiani.

Nimesokota ngata ya kichwa kwa kitenge changu cha zamani, nimeiweka ndani ya ndoo yake.