Saa Iliyotukosesha Harusi Yako

Kibokoni, Mombasa

Kaka yangu Mzamil,

Assalamu alaikum. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama amepaka nyumba chokaa, na duka la Baba linakwenda. Simu zangu hupokei, ndiyo nimeandika. Barua nampa Dancan, anayemsaidia Baba dukani, anakuja kwao huko Machakos.

Siku ya harusi yako Mama alijifukiza udi, akavaa gauni jipya, akakaa mbele ya kompyuta akutazame. Kompyuta ikakataa kabisa kushika mtandao. Nikaizima na kuiwasha mpaka harusi ikaisha. Mama alilia. Najua ulidhani tumekususia kwa kuwa mkeo ni Mkristo wa bara.

Juzi nikaipeleka Majengo kwa fundi Abdulghafur. Akatazama tarehe, akacheka.

"Shifa, mashine yako iko nyuma miaka mingi. Mtandao hauiamini."

"Saa naitengeneza," nikamwambia, "lakini ikizimwa inarudi kule kule."

Akaifungua, akatoa betri ndogo ya saa, mfano wa kifungo cha shati, akatia nyingine. Tangu hapo saa haijarudi nyuma, na mtandao unashika.

Na Baba, ambaye tangu posa hakutaka ndoa yako itajwe, jana alisimama mlangoni akaniuliza, "Mke wa Mzamil anaitwa nani?"

"Mutanu."

Akalitamka jina, akakosea, akanitaka nilirudie mpaka akalipata. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu na Mama, mbele ya kompyuta.

Tupigie Ijumaa alasiri, uwe naye. Baba anataka kumsalimu mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Shifa